Makundi Yaliyoitwa Yubile

(Maneno yaliyotolewa mbele ya washarika na wageni wa Dayosisi katika juma la maadhimisho ya miaka 100 ya Usharika, kwa ombi la Kamati ya Historia)



Kamati ya Historia ilinipa kazi ambayo mwanzoni niliiona nyepesi. Nilitakiwa kuandika maelezo ya mistari miwili chini ya picha ya zamani. Picha hiyo ilikutwa katika sanduku la kumbukumbu za Usharika, imeliwa pembe moja na mchwa, nayo inaonyesha waimbaji 22 wamesimama safu tatu mbele ya kanisa la kwanza. Nyuma yake mtu ameandika kwa wino maneno matatu tu: Kwaya ya Yubile. Basi mimi, nikijua ya kuwa tunayo Kwaya ya Yubile na kwamba inaimba vizuri, nikaandika: “Waasisi wa Kwaya yetu ya Yubile.” Nikaona kazi imekwisha.

Kabla ya kupeleka maandishi kwa mpiga chapa nilimwonyesha picha hiyo mama mmoja mzee ambaye alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili. Aliiangalia muda mrefu, akacheka, kisha akasema, “Mwalimu, hii ni Kwaya ya Yubile kweli. Lakini siyo hii Kwaya ya Yubile yenu.” Akanieleza kwamba kwaya ile ilikusanywa kutoka mitaa yote kwa ajili ya sikukuu ya miaka 50 ya Usharika. Iliimba siku ile na Jumapili chache zilizofuata, kisha wazee wa kanisa wakaishukuru na kuivunja, kila mtu akarudi kwenye kwaya ya mtaa wake. Kwaya tuliyo nayo leo ilianzishwa na vijana miaka mingi baadaye, na hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba jina hilo lilikwisha kutumika hapa hapa.

Ndugu zangu, msidhani hili ni jambo dogo. Katika maadhimisho haya imekubaliwa kwaya ziimbe kwa kufuata umri. Kwa mistari yangu miwili, Kwaya ya Yubile ilikuwa imepanda hadi nafasi ya kwanza, ikazipita kwaya zilizoitangulia kwa miaka mingi. Aidha nilikuwa nimewafanya watu 22, ambao wengi wao wamekwisha kulala katika Bwana, kuwa wazazi wa kwaya ambayo hawakuizaa. Na wale vijana walioianzisha kweli, ambao sasa wana mvi na baadhi yao wamekaa humu ndani, nilikuwa nimewanyang’anya kazi yao. Ndiyo sababu nikaenda kutafuta habari za jina hili. Nilidhani nitakuta kwaya moja ya kale iliyoitwa Yubile. Nilikuta makundi mengi, na fundisho la kutosha kwa mtu anayeandika historia akiamini majina.

Kundi mashuhuri kuliko yote lilitoka Marekani, katika mji wa Nashville, jimbo la Tennessee. Mwezi Januari 1866, mara baada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe katika nchi ile, Wakristo wa chama kimoja cha misioni walifungua hapo shule kwa ajili ya watu weusi waliotoka utumwani. Shule ilianzia katika mabanda yaliyokuwa hospitali ya jeshi, ikaitwa Fisk kwa heshima ya Jenerali Clinton B. Fisk aliyeisaidia. Baada ya miaka mitano mabanda yalikuwa yakioza na madeni yalikuwa yameshika koo la shule. Mweka hazina wake, George L. White, alikuwa pia mwalimu wa kuimba. Na kwa kuwa hazina haikuwa na kitu, akaona heri atumie kile kingine alichokuwa nacho.

Tarehe 6 Oktoba 1871 White aliondoka Nashville na waimbaji 9, wengi wao wakiwa wamezaliwa watumwa. Mpiga kinanda wao alikuwa binti aitwaye Ella Sheppard, ambaye baba yake alimkomboa utotoni kwa kumnunua kama watu wanunuavyo mbuzi. Walisafiri wakati wa baridi, wakafukuzwa katika nyumba za wageni kwa sababu ya rangi yao. Huko Cincinnati walipata fedha kidogo sana, na hizo nazo wakazitoa kwa watu wa Chicago waliounguliwa na mji wao siku zile zile.

Hapo mwanzo walikuwa hawana jina. Siku zile watu wa Marekani walizoea makundi ya wachekeshaji, wengi wao wazungu waliojipaka masizi usoni na kuwaigiza watu weusi kwa dhihaka. Waimbaji weusi walipotangazwa, wasikilizaji wengi walikwenda wakitarajia mzaha, wakakuta vijana wanaimba sala. Kundi lisilo na jina hupewa lile ambalo watu wanalo tayari vichwani mwao, na waimbaji wa Fisk walikuwa wakipewa jina la wale waliowadhihaki. Walipofika Columbus, katika jimbo la Ohio, White alikesha katika maombi, na asubuhi akawaambia wataitwa Jubilee Singers, yaani Waimbaji wa Yubile. Alilitoa katika Mambo ya Walawi, sura ya 25, ambapo mwaka wa 50 baragumu hupigwa na kila aliyeuzwa hurudi kwao. Watu waliotoka utumwani walikuwa wakilitumia neno hilo tangu zamani kwa ajili ya siku ya uhuru wao, kwa hiyo White hakuwapa kitu kigeni.

Mwezi Desemba 1871 waliimba katika kanisa la mchungaji Henry Ward Beecher huko Brooklyn, na tangu hapo milango ikafunguka. Mwezi Machi 1872 waliimba mbele ya Rais Ulysses Grant. Walirudi Nashville na dola 20,000. Mwaka 1873 walivuka bahari hadi Uingereza, wakaimba mbele ya Malkia Victoria, na safari hiyo ikaleta fedha zilizojenga jengo kubwa la shule, lililowekwa wakfu tarehe 1 Januari 1876 na kuitwa Jubilee Hall. Mchoraji Edmund Havell alichora sura zao huko Uingereza, na picha hiyo ikatundikwa katika jengo hilo. Wageni wetu wanaojua gharama ya bati moja watakubali kwamba jengo zima lililojengwa kwa koo za wanafunzi si habari ya kupita haraka. Lakini sikuitwa kueleza majengo, na saa inakwenda.

Mara tu jina lile lilipojulikana, lilianza kuzaa. Shule ya Hampton, katika jimbo la Virginia, iliona mfano huo, ikatuma waimbaji wake mwaka 1873. Wao walitumia jina la shule yao, na hilo lilikuwa jambo la uungwana. Wengine hawakufanya hivyo. Palitokea Waimbaji wa Yubile wa Wilmington, Waimbaji wa Yubile wa Tennessee, na makundi mengine mengi, mengine yakivuka bahari hadi Uingereza kwa njia ile ile. Baadhi yalikuwa ya watu wenye sauti nzuri na nia njema. Mengine yalikuwa wale wale wachekeshaji wa zamani: walipoona watu wazima wanalia wakisikiliza nyimbo za utumwa, wakaweka mzaha wao chini ya neno Yubile na kuendelea kukusanya viingilio. Jina lililowekwa ili kuwatenga waimbaji na dhihaka likachukuliwa na wenye dhihaka.

Je, Fisk walikuwa na haki ya kulalamika? Nimelifikiria sana swali hili. Neno yubile limo katika Biblia, na Biblia haina hati miliki. Nyimbo zenyewe zilitoka mashambani, kwa watu ambao hawakuwa na mali yoyote, hata miili yao ilikuwa ya wengine. White hakuzitunga, na waimbaji wake hawakuzitunga, walizipokea. Kwa upande huo hakuna mtu aliyeibiwa. Lakini tangu mwaka 1871 jina lile lilikuwa limebeba pia ahadi: ukitoa shilingi yako mlangoni, inakwenda kujenga shule ya watoto wa waliokuwa watumwa. Mama wa Kiingereza aliyetoa fedha kwa kundi jingine la jina hilo hilo akiamini anajenga Fisk, yeye alidanganywa, hata kama nyimbo alizozisikia zilikuwa nzuri. Neno lilikuwa la wote, ila imani ya watu ilikuwa imejengwa na wachache kwa taabu. Mimi naona hapo ndipo ulipo mpaka, ingawa najua wapo watakaouweka mahali pengine.

Jambo lililonishangaza zaidi lilitokea ndani ya Fisk yenyewe. Kundi lilizunguka Uholanzi na Ujerumani, likachoka. Waimbaji walikuwa wagonjwa, fedha zilipungua, na mwaka 1878, katika mji wa Hamburg, kundi likavunjwa. Mwaka uliofuata White alilikusanya tena, safari hii kwa gharama yake mwenyewe na nje ya mamlaka ya shule. Mwaka 1882 uongozi ukashikwa na Frederick Loudin, mwimbaji wa sauti nzito aliyezaliwa huru huko Ohio na kujiunga na kundi mwaka 1875. Kati ya mwaka 1884 na 1890 Loudin alizunguka dunia na watu wake: Uingereza, Australia, New Zealand, India, Japani. Kila mahali waliitwa Fisk Jubilee Singers, wakati Fisk yenyewe haikuwa na mamlaka juu yao wala haikutegemea sanduku lao.

Hapo mwandishi wa historia anakwama. Loudin alikuwa mwimbaji halisi wa kundi la zamani, na kwake zilikuwapo sauti zilizokuwapo safari za kwanza. Shule nayo ilibaki na jengo, picha ukutani, na haki ya jina lililotokana nayo. Kwa miaka kadhaa sauti zilikuwa upande huu na nyumba upande ule. Baadaye shule iliunda tena waimbaji wake. Mwaka 1909 wanaume wanne wa Fisk wakiongozwa na mwalimu John W. Work walirekodi nyimbo zao katika sahani za santuri za kampuni ya Victor. Loudin alikuwa amefariki mwaka 1904. Katika matangazo yake alizoea kuweka jina lake mbele, Loudin’s Fisk Jubilee Singers, na mimi namshukuru kwa hilo, kwa sababu bila neno hilo moja tusingeweza kutenganisha habari za makundi haya hadi leo.

Vijana wasidhani mambo haya ni ya kale tu. Watanisamehe wazee nikitaja muziki wa dansi katika nyumba ya Bwana, lakini kundi la Wenge Musica la Kinshasa lilipogawanyika mwaka 1997, upande wa JB Mpiana ulibaki na jina Wenge Musica BCBG, na upande wa Werrason ukajiita Wenge Musica Maison Mère. Maneno haya ya mwisho maana yake ni nyumba mama. Kila upande ulijua ya kuwa jina ndilo linalojaza ukumbi. Na kinyume chake kimetokea pia: katika miaka ya 1920 wanaume wanne wa mji wa Norfolk, Virginia, walirekodi nyimbo za dunia wakiitwa Norfolk Jazz Quartet, na nyimbo za dini wakiitwa Norfolk Jubilee Quartet. Watu ni wale wale, majina mawili. Kufikia wakati huo neno yubile lilikuwa limeacha kuwa jina la kundi fulani, likawa jina la namna ya kuimba.

Habari hii iligusa pia bara letu. Mwezi Juni 1890 aliingia Cape Town Orpheus McAdoo, mtu aliyesoma Hampton na kuimba chini ya Loudin. Alikuja na kundi lake mwenyewe, akaliita Waimbaji wa Yubile wa Virginia. Walizunguka Afrika Kusini hadi mwanzo wa mwaka 1892, wakarudi tena mwaka 1895. McAdoo aliandika barua Hampton akieleza namna watu weusi wa huko walivyobanwa na sheria za pasi, wasiweze kutembea usiku bila karatasi. Huko Kimberley aliwasikia msichana mwalimu aitwaye Charlotte Manye. Mwaka 1891 yeye mwenyewe alikwenda Uingereza na kwaya ya Waafrika, kisha safari ya pili ikamfikisha Marekani, ambako kwaya yao iliachwa bila nauli. Wakristo weusi wa huko wakamsomesha katika Chuo cha Wilberforce. Leo anajulikana zaidi kwa jina la ndoa, Charlotte Maxeke, mmoja wa akina mama mashuhuri wa Afrika Kusini. McAdoo hakuwa Fisk, na mtu mkali angeweza kumhesabu miongoni mwa walioazima jina. Hata hivyo, kundi hilo la jina la kuazima ndilo lililoimba masikioni mwa binti yule.

Nilipofika hapo nilitamani sana kusema kwamba Kwaya yetu ya Yubile ni mjukuu wa Nashville. Ingekuwa mada nzuri mno mbele ya wageni. Nikamwendea mwalimu wa kwanza wa kwaya hiyo, ambaye yuko hai na ana kumbukumbu nzuri, nikamwuliza walipataje jina. Alisema walikuwa katika kipindi cha kujifunza Biblia, wakafika Mambo ya Walawi 25, kijana mmoja akasema, “Hili ndilo jina letu.” Hawakuwahi kusikia habari za Fisk. Wala hawakuwahi kusikia habari za wale 22 walioimba kwenye uwanja huo huo. Nikamwuliza yule mama mzee pia. Yeye akasema wao hawakuchagua jina kabisa. Palikuwa na kamati ya yubile, chakula cha yubile, vitenge vya yubile, na wao wakaitwa kwaya ya yubile kama vile sufuria zilivyoitwa sufuria za yubile.

Basi tunayo makundi matatu yenye jina moja: moja lililipewa baada ya usiku wa maombi, moja lililipata pamoja na masufuria, na moja lililikuta kwenye ukurasa wa Biblia. Hakuna aliyemwiga mwenzake. Walikwenda kuteka maji katika kisima kimoja kwa siku tofauti.

Nilirudi kwenye Kamati na taarifa hiyo. Pakatolewa shauri kwamba kwaya ya zamani ibadilishiwe jina katika kitabu, iitwe kwaya ya pamoja, ili kuondoa utata. Nilikataa, na ninawashukuru wajumbe kwa kunivumilia nilipopandisha sauti. Jina lile liliandikwa kwa wino na mtu aliyekuwapo; sisi ambao hatukuwapo tunapata wapi ruhusa ya kulifuta? Tukakubaliana kufanya kama alivyofanya Loudin, kuongeza neno. Katika kitabu hiki mtaikuta Kwaya ya Yubile ya Miaka 50 mahali pake, pamoja na mwaka wa kuundwa na kuvunjwa kwake, na Kwaya ya Yubile mahali pake, pamoja na majina ya vijana wanane walioianzisha.

Kwa sababu hiyo Jumapili ijayo Kwaya ya Yubile haitaimba ya kwanza. Itaimba ya nne. Mwenyekiti wake hakufurahi, nami sitasema mbele ya Baba Askofu kwamba alifurahi. Alisema walikwisha kushona sare na kuandika juu yake umri ambao mimi niliwapa kwa kalamu yangu. Kosa ni langu, nimewaomba radhi mbele ya wazee wa kanisa, na ninawaomba radhi tena hapa. Gharama ya kufumua namba zile nitailipa mimi, na fundi amekwisha kuniambia bei.

Limebaki jambo moja. Katika picha wako watu 22. Yule mama ametutajia 15. Saba hawajulikani, akiwemo mtu mrefu wa safu ya nyuma, wa tatu kutoka kushoto, aliyeshika kitabu cha nyimbo kifuani. Picha itawekwa juu ya meza karibu na mlango wa sakristia, pamoja na karatasi na kalamu. Atakayemtambua baba, shangazi au jirani yake, tafadhali aandike jina na mtaa aliotoka. Mpiga chapa anatusubiri hadi Ijumaa.